Cherehani Iliyohamia kwa Jirani Kila Alhamisi

Kwetu tulikuwa mafundi wa umaskini. Sisemi tulikuwa maskini tu, maana maskini wapo wengi na wengine hata kazi yenyewe hawaijui. Sisi tulikuwa mafundi. Mgeni mwenye faili akionekana kwenye kona, nyumba yetu ya vyumba viwili inakuwa tayari kabla hajamaliza kuruka mtaro. Pazia zuri linashuka, linapanda lile lenye tundu. Redio inaingia kwenye ndoo, ndoo inafunikwa nguo chafu. Bibi, ambaye asubuhi hiyohiyo amemkimbiza kuku wa watu hadi mtaa wa pili, anaanza kuchechemea. Mguu gani? Hilo lilitegemea mgeni ameketi upande upi.

Na cherehani inahamishwa.

Ilikuwa cherehani ya miguu, meza ya mbao, chuma cheusi chenye maua yaliyofutika. Mama aliirithi kwa shangazi yake pamoja na ukali. Tuliibeba wawili, mimi mbele, Mama nyuma akinielekeza kana kwamba ana macho mbele kuliko mimi, tukipitia uani hadi kwa jirani yetu mjane aliyekuwa na chumba kimoja cha ziada. Mtaa mzima ulimwita Ghala, kwa sababu akili hiyo hatukuwa nayo peke yetu. Siku za wageni chumba kile kilikuwa na kiti cha kinyozi, pasi ya dobi, sanduku la fundi viatu, jiko la mwoka mikate na cherehani yetu. Mtaa uliobaki nje ulikuwa mkavu kama kiganja.

Ghala hakuomba chochote ila nidhamu. Unaweka kitu pale anapokuelekeza, na ukirudi unakikuta palepale, kimefutwa vumbi, kimefungwa kitambaa cha rangi yake. Cha kwetu kilikuwa kijani. Ukimwambia kitambaa chako ni chekundu anakutazama mpaka unakumbuka vizuri.

Msitucheke, tulifundishwa. Mradi wa kwanza uligawa magodoro kwa wasio na godoro. Sisi tulikuwa nalo moja, lenye umri kunizidi, tukaambiwa tumejaliwa. Mradi wa pili ulisaidia wenye paa linalovuja. La kwetu Mama alikuwa ameliziba wiki moja kabla, kapanda mwenyewe juu na bati na misumari. Tukapongezwa, tukarukwa. Siku ile Mama alijifunza kwamba mikono ni kitu cha kuficha.

Ndipo akaja Dada Alhamisi. Alikuwa afisa ustawi, mwanamke wa makamo mwenye mkoba wa mgongoni na viatu vilivyolalia upande mmoja kwa kutembea. Alisema atakuja kila Alhamisi kwa miaka mitatu, na jina likampata hapohapo. Bibi alimuuliza kwa huruma amekosa nini hata apewe kifungo hicho.

Akatoa karatasi. Tukajipanga. Mama akapangusa jicho la kulia, ambalo ndilo huanza. Lakini karatasi ilikuwa na swali moja tu juu yake: familia hii inaweza nini?

Tukatazamana. Ni kama mtu umekesha ukisoma historia halafu ukaletewa hesabu. Mama akajibu kwamba hatuwezi chochote, ni hivi hivi tunavyoonekana. Alhamisi akaitikia kwa adabu, akainua macho, akauliza basi nani aliziba paa lile vizuri namna ile. Mama akasema ni Mungu tu. Akauliza kola ya gauni langu nani aliishona. Mama akasema tulipewa. Wakati anasema hivyo alikuwa na uzi wa bluu kichwani, na gauni lilikuwa la bluu. Karatasi ikarudi mkobani tupu.

Ikarudi tupu Alhamisi ya pili, na ya kumi, na ya ishirini. Tulikuwa tunashindana kutoweza. Mimi nilisema sijui hata kufagia, na hapo Mama aliunga mkono kwa moyo mweupe. Ila Alhamisi hakukata tamaa wala hakununa. Alinifuatilia cheti cha kuzaliwa ambacho kilipotea tangu nizaliwe. Safari saba, foleni saba, amesimama nami zote. Alimpeleka Bibi kliniki kwa ajili ya ule mguu. Wakaupima, wakapima na wa pili ili walinganishe, daktari akasema yeye mwenyewe angependa kuwa na miguu ile. Bibi alinuna siku mbili. "Mke mwenzangu," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mtoto, "huyu mtu wako atatuharibia kazi."

Mwezi wa tisa Alhamisi alikuja na habari. Karibu na kliniki kulikuwa kunafunguliwa chumba cha kazi, na mtaa wetu umepewa nafasi moja ya fundi wa kushona: mashuka ya wodi, sare za wauguzi, kazi ya miaka. Wiki ijayo bosi wake atapita nyumba kwa nyumba aone kila familia inaweza nini. Ambaye karatasi yake ni tupu hatafikiriwa, na yeye hawezi kuandika ambalo hajaambiwa. Alisema hayo huku anamtazama Mama. Mama alikuwa anatazama paa la Mungu.

Aliitaka nafasi ile. Nilijua, kwa sababu wiki nzima alilipima shuka letu kwa shibiri, kila akipita, kama mtu anayepapasa mfuko kuona funguo bado zipo. Usiseme tamaa, ilikuwa mara ya kwanza namwona anataka kitu bila kukilia. Lakini hofu nayo ilikuwa na godoro lake mle ndani. Je, kama ni mtego? Tuonyeshe cherehani, waseme tumejaliwa, watuache kama wale wa mwanzo? Nikamwambia mficha uchi hazai. Bibi akasema yeye amezaa watoto saba na hajawahi kumwonyesha mtu cherehani.

Mama akakata shauri la mwoga: cherehani iende kwa Ghala kama kawaida, halafu akimwona bosi ana uso wa heri, tutaifuata. Tukaibeba.

Bosi alikuwa mwanamume mrefu, miwani imeninginia kifuani kwa kamba. Walianza kwa Ghala, kwa sababu Ghala naye alikuwa kwenye mradi. Hilo tulilijua siku zote. Tulichokuwa hatujakifikiria, sisi wenye akili, ni kwamba hata Ghala alikuwa akiulizwa swali lilelile, na kwamba chumba cha ziada ndicho kilichokuwa na majibu ya mtaa mzima.

Walikaa huko muda mrefu. Walipotufikia, bosi alikuwa anang'aa. Alituambia hajapata kuona mtu wa namna ile katika miaka ishirini ya kazi. Mjane, peke yake, lakini anashona, ananyoa, anaoka, anapiga pasi na kutengeneza viatu. Kusema kweli, kwa nafasi ile ya ushonaji, haoni kwa nini aendelee kutafuta.

Jicho la kulia la Mama likaanza. Kisha la kushoto nalo, ambalo halikuwa kwenye mpango.

Alhamisi akatoa karatasi yetu, akaiweka mezani, akauliza kwa sauti ileile ya kila wiki. "Mama, familia hii inaweza nini?"

Nilifungua mdomo. Bibi akanifinya mkono, na vidole vyake havikuwa vya mgonjwa. Mama alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Ile cherehani ni yangu," alisema.

Bosi akavaa miwani. Akasema kwa upole kwamba anaelewa, watu wakiitaka nafasi husema mengi, ila jirani yake aliulizwa kama vyote vile anavitumia, naye akakubali.

"Basi mwambieni ashone."

Tukaenda wote, isipokuwa Bibi na mguu wake. Ghala alikuwa ameketi katikati ya mali za watu kama malkia kwenye maonyesho. Alipotuona hakuona haya. Alisema yeye aliitikia kwa kichwa tu, na kichwa ni chake. Mama alivuta kiti cha kinyozi mbele ya cherehani, akamkaribisha kwa mkono, kwa adabu ya kutisha.

Ghala akaketi. Akakanyaga. Gurudumu likaenda kinyumenyume, uzi ukajikunja chini ya sindano kama kiota cha ndege, ukakatika. Akakanyaga tena kwa nguvu. Cherehani ikaguna, ikasimama, kwa dharau ambayo naijua, kwa kuwa mimi imeshanifanyia mara nyingi.

Mama akamgusa bega, Ghala akapisha. Mama akaingiza mkono kwenye upindo wa gauni, akatoa kipande cha karatasi ngumu kilichokunjwa mara nne, akakisukumia chini ya mguu wa kushoto wa meza. Akatia uzi mpya bila kutazama. Akakigonga ubavu kile chuma kwa kifundo cha kidole, mara moja. Akalivuta gurudumu kuelekea kwake kwa kiganja, ndipo akakanyaga. Ikaanza kuimba.

"Niletee kitambaa," aliniambia.

Nilikimbia nyumbani, nikakuta cha karibu ni lile pazia letu la kazi, lile lenye tundu, lililokula huruma za miradi mitatu. Nikalishusha. Bibi, aliyekuwa ameachwa nyuma na hataki kupitwa, akanikuta mlangoni na kunipita, na aliingia kwa Ghala mbele yangu, mbio. Bosi alimtazama miguu. Alhamisi akaandika kitu.

Mama alilikata pazia pale penye tundu, akalitupa tundu pembeni, akakunja, akapinda, akageuza. Hatukuwa tumemaliza kuvuta pumzi akamkabidhi bosi foronya ya mto, pembe zimenyooka kama za bahasha. Bosi aliigeuza huku na huku akitafuta kosa. Akaivuta mshono. Ukamshinda.

Alhamisi alikuwa bado anaandika. Nikachungulia, kazi ambayo naifanya vizuri. Anashona. Anaziba paa. Anabeba cherehani kupitia uani kila wiki bila kuvunja kitu. Nilimuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu siku ya kwanza: sakafu yetu ilikuwa na alama nne za miguu ya cherehani, na Mama alikuwa na uzi kichwani.

"Sasa mbona hukusema, dada?"

"Ningesema, mngeihamishia mbali zaidi."

Nikarudi kuichungulia karatasi, nione kama na mimi nimeandikwa.

Bosi alikuwa tayari ameshika kalamu amfute Ghala kwa udanganyifu. Ghala akasema asijisumbue. Vyote ni vya watu, alisema, yeye chake ni chumba tu. Alisema akitazama sakafu, na yule malkia hakuwapo tena. Nilimtazama Mama nikisubiri, maana nilikuwa naijua orodha ya matusi yake kwa mpangilio.

"Miaka sita ananiwekea," Mama alisema. "Hata sindano moja haijapotea." Akavuta kile kitambaa cha kijani, akamwonyesha bosi fundo. Akamwonyesha na chekundu cha kinyozi, cheupe cha dobi, cha njano cha fundi viatu. Nyumba tisa, na hakuna aliyewahi kurudishiwa kitu cha mwenzake.

Alhamisi alifungua ukurasa mwingine. Akasema chumba cha kazi kitakuwa na vitambaa, nyuzi na mashuka mamia, na mpaka sasa hakuna aliyefikiria nani atavitunza.

Msidhani walikumbatiana. Mama alipewa nafasi ya ushonaji, Ghala akapewa ufunguo wa stoo, na kwa mwezi mzima walizungumza kupitia kwangu, huku wamekaa umbali wa hatua tatu. "Mwambie mtunza stoo nataka uzi mweupe." "Mwambie fundi asaini." Mimi karatasi yangu iliandikwa kwamba nina mdomo. Nilidhani ni tusi, kumbe nikapewa meza ya mbele, kupokea oda za kliniki na kuwatuliza wauguzi ambao sare zimewabana. Huwa nawaambia cherehani haikosei, keki ndizo zinazokosea.

Alhamisi aliendelea kuja. Kazi tulikuwa nayo, naye bado anakuja; tulipokosana alikuja, Mama alipougua alikuja, na viatu vyake vikalala upande mpaka Mama akamwambia wazi kwamba vinatia aibu ofisi.

Mwaka wa tatu ulipokaribia kwisha, kijana mmoja mgeni aliingia chumba cha kazi na faili kubwa. Alisema anatoka mradi mpya, anaandikisha kaya zisizo na uwezo. Nilimwona Mama mikono ikiacha shuka na kunyanyuka yenyewe, ikitafuta kitambaa cha kuifunika cherehani. Ikakaa hewani. Ghala, kutoka stoo, alishamtazama Mama, na ninaapa alishaanza kukadiria nafasi ya kuificha.

Kisha mikono ikashuka, na mguu ukarudi kwenye kanyagio.

"Mpe kiti," Mama aliniambia. "Nikimaliza pindo hili nitamwambia ninachoweza."

Kijana akaketi, upande wa kushoto. Bibi, aliyekuwa ameniletea chai, aliiweka chini taratibu na kuanza kuchechemea, mguu wa kushoto.