Koti la Mahameli

Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kumsikia Mkasi akisema hajui. Jina hilo walimpa mafundi wenzake, kwa ukataji wake na kwa ulimi wake. Mteja akileta kitambaa chochote, yeye hukipapasa mara moja tu, akasema, "Hii kazi ndogo," na mteja huenda zake roho kwatu.

Halafu akaja mdogo wake, mtoto wa mama yake mdogo. Mkasi mwenyewe ndiye aliyemleta, akamfundisha kushika chaki na tepu. Sasa mchimba kisima kaingia mwenyewe, maana binti huyo alisema "sijui" mbele za wateja bila hata kuinamisha uso. "Hilo sijui, mama, ngoja nikuulizie." Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakuwa na duka la kushona. Ajabu ni kwamba wateja hawakukimbia. Walianza kumuulizia yeye. Na mwenye duka alikuwa anafungua duka la pili, bado hajasema nani atalisimamia. Kila alipomchekea binti, Mkasi aliona. Wivu ukamjaa.

Wiki hiyo mama wa bibi harusi mmoja akaleta mahameli ya zambarau, ashonewe koti refu.

"Mahameli mimi sijawahi kukata," binti akasema palepale, kila mtu akisikia. "Dada, wewe unaijua?"

Mkasi naye hakuwahi kuikata hata ya kutosha leso. "Naijua tangu hujaota meno," akajibu. Mafundi wakacheka, akafurahi.

Mchana binti alirudi kutoka kula, akamfuata mezani. "Dada, nimepita kwa muuza vitambaa, nimemuuliza kuhusu ile mahameli..."

"Nani kakutuma? Unataka mtaa mzima ujue humu hamna mafundi?"

Binti akarudi kwenye cherehani yake. Mkasi akapanga karatasi zake za kukatia juu ya mahameli kama alivyozipanga siku zote, moja kichwa juu, nyingine kichwa chini, zibanane kitambaa kisipotee. Kwa kubana kitambaa ndiko alikopatia jina. Akabakiza kipande kikubwa, akaridhika sana.

Siku ya kujaribisha, mama wa bibi harusi alisimama mbele ya kioo. Koti lilimkaa vizuri. Lakini kushoto lilikuwa zambarau iliyokolea, kulia limepauka, utadhani limeshonwa kwa vitambaa viwili. Mwenye duka akapitisha kiganja. Upande mmoja vinyweleo vya mahameli vililala kuelekea chini, upande wa pili kuelekea juu, ndiyo maana rangi zilitofautiana.

Hakumtazama Mkasi kabisa. Alimgeukia binti. "Si ulisema mwenyewe mahameli huijui? Sasa ulikata ya nini?"

Mafundi wote wakageuka. Tusidanganyane, Mkasi aliona raha. Hakuhitaji hata kusema uongo. Angefunga mdomo tu, duka la pili lingekuwa lake, na "sijui" ya binti ingemrudia mwenyewe. Binti akafungua kinywa, akamtazama dada yake, akakifunga. Akainamisha uso kwa mara ya kwanza tangu aje.

Raha ikageuka shubiri. Kumbe mtoto huyu anamzidi hata kwa kunyamaza! Hilo Mkasi hakuliweza.

"Nimekata mimi," akasema. "Sikujua."

Neno lilimtoka kama mwiba wa samaki. Mwenye duka akamgeukia. "Ungeuliza," akasema, kisha akamwomba mteja siku tatu za kulitengeneza upya. Mteja alipotoka, akatamka mbele ya wote kwamba duka jipya atalisimamia binti. Hakuna aliyeshangaa, na hilo ndilo lililomuuma Mkasi zaidi.

Aliirudia meza yake ya kukatia. Halafu akachukua kile kipande alichobakiza, akaenda nacho kwenye cherehani ya mdogo wake, akakiweka mezani. Hakuweza kumtazama usoni.

"Yule muuza vitambaa," akauliza, "alikwambia inakatwaje?"

Binti akasogea, akampa nafasi kwenye benchi.