Mawe Meupe ya Ziwa la Bedan

Ukipata jiwe jeupe mahali na si wewe ulilipaka, liache hapo mpaka ujue nani aliliweka. Nawaandikia wazazi wenye watoto wanaotembeza wageni, na hao watoto pia wasome, kwa sababu hii kazi imeingia sana huku kwetu na watu wanafikiri ni kazi ya kutabasamu tu. Mimi niliachia masomo darasa la saba. Lakini mawe nayajua, na hii ninayoandika sikusimuliwa na mtu.

Ziwa la Bedan liko kati ya Kitengela na Kisaju. Unaacha barabara ya Namanga, unaingia ndani kama dakika ishirini kwa miguu. Zamani ilikuwa kwari, machimbo ya mawe ya kujengea. Mvua ya El Nino ilipokuja, maji ilijaa ghafla hadi wachongaji wakaacha patasi zao huko chini, na haikukauka tena. Wengine walilia kwamba kwari imekufa. Mzee Bedan Ngigi, mwenye shamba, hakulia. Alipanda mizabibu upande ule wenye udongo.

Walimcheka sana. "Bedan anataka kulewesha pundamilia," walisema.

Lakini kufika mwaka wa 2003 alikuwa na mistari kumi na minne ya mizabibu, stoo ya mabati yenye mapipa ya mvinyo, leseni ukutani, na njia mbili za wageni kutembea. Njia ya chini inapita kati ya mizabibu na maji. Njia ya juu inazunguka mdomo wa kwari mpaka unafika kwenye mwamba mpana uliotokeza juu ya ziwa. Ukisimama hapo unaona vilima vya Ngong upande huu, na upande ule, wakati wa mvua, nyumbu wakitoka mbugani wamepanga laini kama watoto wa shule wanaoenda kunawa mikono. Watu walitoka Nairobi kuja kusimama hapo tu.

Msichana wangu Ndanu ndiye alikuwa anawatembeza. Alikuwa na miaka ishirini, amemaliza form four, na mdomo wake haukosi la kusema. Kila Jumapili asubuhi nilimwambia kitu kimoja: usikaribie maji. Hiyo maji ndiyo nilikuwa naogopa.

"Mathe, wacha stress," aliniambia. "Mimi sitembei kwa maji. Natembea kwa mawe."

Mawe nilikuwa siyaogopi. Nilikuwa nimevunja kokoto Kisaju miaka kumi na moja, mikono yangu ndiyo inajua.

Sasa sikiliza vile nilikosea.

Kikundi cha akina mama wa kanisa fulani la Nairobi kilituma habari kwamba watakuja Jumapili, watu kumi na wawili. Mzee Bedan akanipa kazi Jumamosi: nipange mawe kando ya njia ya juu na niyapake chokaa, njia ionekane safi kama ya ofisi ya chifu. Sote tumesoma shule zenye mawe meupe mlangoni. Tukiona njia imepangwa hivyo, tunasema hapa pana mtu.

Nilikaa chini na brashi yangu na ndoo ya chokaa. Ndanu alikuwa ananiletea mawe kwa karai. Karai la nne au la tano nikaona mawe mazuri, yametoshana, na tayari yana chokaa ya zamani.

"Haya umetoa wapi?"

"Huko juu kwa mwamba. Yalikuwa tu hapo kwa nyasi."

"Yako mengine?"

"Yako."

"Lete yote. Yametupunguzia kazi."

Hayo ndiyo maneno yangu, siyafichi. Sikuuliza yalikuwa yamekaa namna gani. Nilijua tu chokaa itatosha. Jioni njia ilikuwa inang'aa kutoka getini mpaka juu, na Bedan akasema, "Mama Ndanu, wewe ungekuwa chifu."

Jumapili wageni walifika saa saba. Ndanu aliwapokea, wakaonja mvinyo, wakabeba kikapu cha zabibu, vikombe na blanketi, wakaanza kupanda wakiimba. Mimi nilibaki kwa stoo nikikanda unga wa chapati.

Hapo ndipo Mzee Muteti akatokea. Huyu alikuwa fundi mkuu wa kwari hii wakati ilikuwa kwari. Siku hizi anauza mbuzi soko la Bisil, na hupitia kwetu akienda kwao Machakos.

"Sopa, Mama Ndanu."

"Epa, mzee. Umekuwa Mmaasai kabisa."

"Kaa Bisil miaka mitano uone kama hutaanza kuvaa shuka."

Tulicheka. Kisha akaangalia mawe yangu kando ya njia. Akainama, akageuza moja, akakwaruza chokaa yangu mpya kwa kucha. Chini yake palikuwa na ile ya zamani, ya rangi kama ya jino.

"Nani ameng'oa mawe yangu?"

"Jiwe linakuwa lako, mzee?"

Hakucheka. "Wayua," akaniita kwa jina langu, na haniitangi hivyo. "Jiwe la juu hapa ni gumu, la chini ni laini, na lile laini ndilo wanunuzi walikuwa wanataka. Tulichimba tukaingia chini ya mdomo. Maji ilipotufukuza nilipanda huko na mkebe wa chokaa, nikaweka mawili mawili, moja juu ya lingine, pahali saba. Unajua maana yake."

Nilijua. Hata Kisaju ilikuwa hivyo hivyo. Jiwe jeupe juu ya jiwe jeupe maana yake usipite, hapa chini hakuna kitu. Ningeyaona yamesimama hivyo, nisingeyagusa hata kwa kulazimishwa. Lakini mimi niliyaona ndani ya karai.

Na wageni wa siku zote walikuwa wanasimama nyuma ya hayo mawe. Mtu akiona jiwe jeupe hudhani ni mpaka. Sasa mpaka nilikuwa nimeubeba mimi mwenyewe nikaupanga getini.

Nilichukua nyundo yangu nyuma ya mlango wa stoo, mikono ikiwa na unga.

"Usikimbie ukifika," Muteti akasema. "Na usipige kelele."

Hilo pia nilijua. Ukipiga kelele watu hukusanyika pamoja ndio wakimbie, na mwamba hauogopi mtu mmoja, unaogopa kumi wakiruka mara moja.

Tulipofika juu, walikuwa wametandika blanketi mbele kabisa, miguu imening'inia karibu juu ya maji. Ndanu amesimama katikati yao, amenyoosha mkono, anawaonyesha Ngong.

"Hamjambo, akina mama," nikasema kama mtu anayepita kwenda dukani.

"Hatujambo!"

"Mmekaa vizuri. Endeleeni kukaa hivyo hivyo, mtu asisimame. Ndanu, na wewe kaa chini."

"Mum, kuna nini? Unaniaibisha."

"Kaa chini."

Kiongozi wao, mama mnene anaitwa Jacinta, akaangalia nyundo. "Na wewe umekuja kutuvunja kokoto?"

"Nitawavunja mkiinuka," nikamwambia, na wakacheka. Nilitaka wacheke. Mtu anayecheka hashtuki.

Nikapiga magoti mahali njia inaishia, nikagonga mwamba. Ngee. Mwamba mzima hulia hivyo, kama kengele ya mbali. Nikasonga mkono mmoja mbele. Ngee. Nikaenda kulia. Bu. Kama debe limejazwa nguo. Kicheko kikaisha hapo hapo, kwa sababu hata asiyejua mawe alisikia tofauti.

Muteti alikuwa nyuma yangu akikumbuka. "Kushoto, Wayua. Kushoto tuliacha nguzo." Nikagonga kushoto. Ngee. Ngee. Pahali palipolia vizuri nilipaka unga wa mikono yangu. Nilienda hivyo mpaka nikafika hatua nne kutoka kwa blanketi. Hapo nyundo ikasema bu mbele yangu, bu kulia, bu kushoto.

Basi hizo hatua nne ndizo zilikuwa kazi.

"Mtatoka mmoja mmoja, kwa tumbo, kama mtoto anayetambaa. Wa kwanza akifika kwangu ndio wa pili aanze. Mkifika kwenye unga, simameni mfuate unga."

"Mimi niko kilo tisini na tano," Jacinta akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Nianze au nimalize?"

"Anza wewe. Tandaza mikono, uzito usikae pahali pamoja."

Alikuja, gauni la kanisa likifagia mwamba, akiomba kwa Kikuyu. Nikamshika mkono. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Wa saba alipotambaa tulisikia changarawe ikidondoka huko chini majini. Walitoka wote kumi na wawili.

Akabaki Ndanu. Alianza kukusanya vikombe.

"Wacha vikombe."

"Ni vya Mzee Bedan."

"Ndanu."

Aliniangalia. Akaona uso wangu, nafikiri. Akaweka vikombe chini pole pole, akalala kwa tumbo. "Mwaitu," akaniita, vile tunavyomwita mama kwa Kikamba, na hakuwa ameniita hivyo tangu akiwa mdogo. "Nakuja."

"Nakuona. Njoo."

Mkono wake ulipoingia kwa wangu ulikuwa wa baridi kama chuma cha asubuhi. Sikuuachilia mpaka tukafika getini.

Mzee Bedan alikasirika. "Umewatambaza wageni wangu kama nyoka! Mwamba umesimama pale tangu nizaliwe. Kesho Ndanu ataenda kuchukua vikombe vyangu ama atafute kazi kwingine."

"Bedan," Muteti akamwambia, "twende tuangalie mizabibu yako."

Tulizunguka sote kwa njia ya chini mpaka ng'ambo, penye mstari wa mwisho wa mizabibu. Miaka ile ya kwanza maji ilikuwa imefunika ukuta. Sasa kiangazi kilikuwa kimeishusha. Chini ya mwamba wetu kulikuwa na weusi mrefu, na Bedan alikuwa ameupita kila siku akidhani ni alama ya maji. Muteti akamwambia atazame vizuri. Mbayuwayu walikuwa wanaingia ndani ya huo weusi na kutoka. Ulikuwa pango. Na juu ya pango, mwamba mwembamba kama godoro, na juu ya godoro, vikombe kumi na viwili vikimetameta kwa jua.

Bedan alivua kofia.

"Vikae huko," akasema.

Vilikaa miezi mitano, mpaka mvua ya Novemba ikavichukua pamoja na mwamba wote, siku ya Jumatano, hakuna mtu.

Jioni ile ya Jumapili Ndanu aliyatoa mawe yote ya zamani kwenye laini yangu, akayarudisha juu na Mzee Muteti, nyuma zaidi ya yalipokuwa, mawili mawili. Aliporudi alinyoosha mkono.

"Nipe nyundo."

"Ya nini?"

"Nifundishe kusikia."

Nilimfundisha. Siku hizi yeye hutangulia wageni na nyundo mkononi, na mahali njia inaanza huwagongea mara mbili, ngee, na bu, kabla hawajaenda hatua moja. Wengine hucheka. Bado nina wasiwasi kila Jumapili, hilo halitaisha, lakini siku hizi simwambii kitu cha maji. Namuuliza tu kama amebeba nyundo.

Na wewe mzazi, kabla ya kumsifu mtoto kwa jiwe zuri alilokuletea, muulize lilikuwa limekaa juu ya nini.