Kifaa Kilichonusa Kabla ya Wakati

Elvire alikuwa hajaifungua hata chupa ya amonia, na tayari kihisi chake kilikuwa kimewasha taa nyekundu. Aibu iliyoje! Mbele yake waliketi Mzee Xavier, mwenye ghala la samaki wa barafu karibu na Bandari ya Bujumbura, na fundi wake wa mitambo, Bonfils. Amonia ndiyo inayozungushwa mabombani kuleta baridi ghalani, na ikivuja huwachoma wafanyakazi macho na mapafu. Elvire aliahidi kifaa cha kuinusa kabla ya pua ya mtu yeyote. Mzee alimpa nafasi moja tu ya kukionyesha, na ndiyo hii.

"Iko inaona mashetani," Bonfils akasema huku akicheka.

Elvire akakagua chupa. Imefungwa barabara. Ndani ya kifaa mlikuwa na kipande alichokitengeneza mwenyewe katika maabara ya chuo: grafini, yaani kaboni iliyotandazwa nyembamba kupita kiasi, ikachanganywa na chembe za oksidi ya bati. Alikuwa amekisumbua kwa moshi, kwa pombe, kwa marashi ya kila namna, nacho hakikubabaika. Kiliitikia amonia peke yake.

"Labda ni parfum ya patron," Bonfils akasema, sasa kwa huruma, akimtupia jicho bosi wake.

Elvire angeweza kukubali, yaishe. Lakini kifaa kinachopigia marashi kelele, nani atakifunga ghalani?

"Apana," akasema. "Parfum aiwezi kuiamsha."

Akakichukua, akazunguka nacho chumbani. Kwa Bonfils tarakimu za kifaa zikashuka. Kwa Mzee Xavier zikapanda mbio. Ndipo alipomtazama vizuri: mzee wa miaka sabini, nywele nyeusi tititi. Rangi ya nywele! Nyingine zina amonia. Maneno kama hayo utamwambiaje mtu wa umri wa babu yako, tena mbele ya mfanyakazi wake?

"Muzee, munisamehe sana. Naomba mutoke inje kidogo."

Mzee akatoka. Baada ya muda taa ikazimika. Akarudi, ikawaka. Bonfils akaanza kutazama viatu vyake, maana alishaelewa.

Mzee akajishika kichwa. Halafu akaangua kicheko, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Nimepaka leo asubui, mbele ya kuja! Bibi yangu, tunalala kitanda kimoja, miaka yote ajajua. Iyi yako imejua mara moja! Bonfils, utafunga iyi kwa machine zote."

"Ndiyo, patron."

"Na utamusikiliza Madame Elvire. Yeye ndiye atakuonyesha kazi."

Furaha ilimjaa Elvire kifuani hadi ikambana pumzi. Alijua adabu inamtaka ainamishe kichwa, ashukuru kwa sauti ndogo. Akajaribu. Kichwa kikakataa katakata kuinama.