Mtoto wa Chikanda

"Huyo panya wako ana mfuko, Bwana Dastan," alisema Mama Marta. "Na mimi ninao. Wangu una chikanda, na keshokutwa unashuka sokoni Mwanjelwa."

Ukumbi wa kanisa ukacheka. Ukutani Dastan, mtaalamu wa mimea kutoka Iringa, alikuwa amebandika picha mbili: mnyama wa Australia mwenye masikio ya sungura, na ua la zambarau la milimani hapo. Wote wawili wanakwisha, alisema. Wachimbaji wa chikanda waliokaa mbele yake wakapiga miayo. Kesho wangepanda mteremko wa juu, wa mwisho uliobaki na maua, kuchimba viazi vyake, ndiyo chikanda yenyewe.

Veneranda alikaa nyuma, amepakata kopo lenye ua kama lile la pichani. Alikuwa mmwagiliaji wa kitalu cha Dastan kule Kihesa, hakuajiriwa kuongea. Lakini aliacha shule darasa la nne akachimbe chikanda na bibi yake, na mteremko wa kwao sasa ni nyasi tupu. Alijikuta amesimama.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Kumbe una sauti."

Wakacheka tena. Veneranda aling'oa ua koponi, akapangusa udongo. Chini vilining'inia viazi viwili, kimoja kimesinyaa, kingine kimenona.

"Mnachukua kipi?"

"Kinono. Hicho kizee tunakifukia, kizae tena. Sisi si wezi."

"Hata sisi tulifanya hivyohivyo, mama." Alimkazia macho yule mnyama wa ukutani. "Yule mtoto wake yumo mfukoni. Wa ua ndiye huyu mnono, ndiye ua la mwakani. Mama amemlisha mpaka amekwisha. Sisi tunaondoka na mtoto, tunamzika bibi kizee, halafu tunakaa kusubiri ajifungue."

Mama Marta alikichukua kile kizee, akakibonyeza. Kikapasuka, kikatoa maji.

"Miaka yote nazika vikongwe," alisema, akacheka peke yake mpaka akafuta machozi.

"Kwa hiyo kesho hatupandi?" aliuliza mwanamke wa kando.

Mama Marta alimwaga mfuko wake sakafuni, akachagua viazi vilivyokuwa bado vigumu, akatoka navyo nje na jembe. Wenzake wakamfuata hadi mlangoni.

"Haya, binti," alisema Mama Marta. "Tuvipande kina gani?"

Veneranda alipiga magoti, akachomeka kidole udongoni hadi pingili ya pili, akakiacha humo.