Simu Aliyoikata Tamphasana

Maharusi wa mji wa Imphal, kaskazini-mashariki mwa India, walimjua Tamphasana kwa mikono yake. Alikuwa na saluni ya chumba kimoja mtaa wa Singjamei, na hakuna aliyepamba uso wa bibi harusi akamfikia. Wachache tu walijua kwamba mikono hiyohiyo, miaka ya nyuma, ilikuwa ikitafuta mshipa wa kudunga unga. Alizaliwa akapewa jina la kiume, akakua akijijua kuwa ni mwanamke. Siku aliyofukuzwa kwao, unga ndio uliompokea. Alipotaka kuuacha, nyumba ya kutibu mateja ikamlaza chumba kimoja na wanaume, na yaliyomkuta humo hakumsimulia mtu. Alipotoka akaapa kwamba wanawake wenzake wa aina yake hawatalazimika kupita njia ile. Akaanzisha kikundi cha simu.

Walikutana kwa video kila Jumapili jioni. Daktari hakuwepo wala mshauri, walikuwa wao kwa wao, walioacha na wanaojaribu kuacha. Wengi walikuwa wa Imphal, mmoja mpishi wa hotelini Guwahati, na Nganthoi, mdogo wao, kijijini karibu na Moirang. Sheria aliitunga Tamphasana mwenyewe: aliyetumia siku hiyo asiseme, asikilize tu. Kumfukuza mtu hakukuwamo.

Jumapili moja shirika fulani liliomba mtumishi wake, mama mmoja, aje kuwasikiliza, kwa sababu lilitaka kuanzisha vikundi kama chao miji mingine. Wote wakakubali. Tamphasana alijitanda mtandio mpya, akaketi penye mwanga mzuri. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Nganthoi alipoingia, amechelewa, kitambaa kichwani, macho yamelegea, ulimi mzito. Akaanza kusema habari za moto, akarukia habari za shuka, kisha akanyamaza huku mdomo uko wazi. Yule mgeni akainama kuandika. Tamphasana akahisi uso unamwaka.

"Nganthoi, umekula," alisema.

"Sijala, dada. Niache niseme kidogo tu."

"Macho ya aliyekula tunayajua sote humu, bibie. Usituchezee."

Akabonyeza kitufe, Nganthoi akatoweka. Halafu, kwa sauti tulivu ambayo baadaye aliichukia, akamweleza mgeni kwamba kikundi chao kina nidhamu.

Alipojaribu kumpigia kesho yake, simu ya Nganthoi ilikuwa imezimwa. Akajaribu tena na tena bila kupata. Jumapili iliyofuata mmoja aliuliza kama Nganthoi harudi, naye akajibu kwamba amejitoa mwenyewe. Waliokuwepo siku ile walidhani kuna mazungumzo yamepita baada ya simu, hawakuhoji. Uongo huo ulimtoka upesi kiasi cha kumshangaza mwenyewe, lakini hakuurudisha.

Aliyemletea habari ni Pishak, mkubwa wao wote, muuza samaki wakavu mwenye ulimi mkali, ambaye Jumapili ya mgeni hakuwepo. Aliingia saluni wakati Tamphasana anampamba bibi harusi, akamvuta pembeni.

"Ulijua kama baba yake Nganthoi amekufa?"

Hakujua. Pishak akamwambia kwamba mzee alifariki siku chache kabla ya simu ile. Baba zake wadogo walimkamata Nganthoi wakamnyoa nywele, wakamvika shuka nyeupe ya kiume na kumwamuru awashe moto wa kuuchoma mwili, kwa desturi yao, kama mtoto wa kiume wa nyumba. Tangu hapo hakupata usingizi.

"Na sasa yuko wapi?"

"Kwa mama yake. Ametoka hospitali. Walimkuta bafuni, sindano bado iko mkononi."

Bibi harusi alikuwa na jicho moja limepakwa na jingine bado. Tamphasana alirudi akalimaliza lile jicho, maana halikuwa kosa la binti wa watu, ila ilibidi afute na kuanza upya mara kadhaa.

Asubuhi akaenda Moirang. Alinunua ndizi njiani, kisha akaziona kama rushwa, akazishika hivyohivyo. Mama yake Nganthoi alipolisikia jina lake, alimkumbatia palepale mlangoni.

"Kumbe ndiye wewe. Mwanangu kila siku husema, kule Imphal nina dada aliyenishika mkono."

Akamwekea wali na eromba, mboga zilizopondwa na samaki na pilipili. Tamphasana alitafuna bila kuhisi ladha. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

Nganthoi alikuwa nyuma ya nyumba, kichwa kipara, amevaa shati la kiume. Hakusimama.

"Nilikuwa sijatumia," alisema.

"Najua sasa."

"Hujui. Unga nilikuwa nao tayari, nimeushika. Nilipiga ili nisiutumie. Uliponikata nikasema, basi, kama hata dada anaona nimekula, acha nile kweli."

Tamphasana akamwomba msamaha. Nganthoi akasema hajui kama atamsamehe, asimuulize leo. Badala yake akauliza wenzao waliambiwa nini.

Tamphasana angeweza kudanganya tena. "Niliwaambia umejitoa."

Nganthoi akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Mimi nalewa unga, wewe unalewa wageni."

Jumapili hiyo Tamphasana aliwaeleza yote, bila kusingizia macho ya Nganthoi yaliyokosa usingizi wala kuwepo kwa mgeni. Yule mpishi alisema, "Na mimi je, siku nikija nimechoka?" Akazima simu na hakurudi tena kikundini. Pishak akachukua uongozi, bila kumfariji wala kumsimanga, na kwa Pishak kutosimanga kulikuwa jambo kubwa.

Kulibaki mgeni. Tamphasana alimpigia kumwambia kwamba siku ile alikosea. Yule mama alishangaa.

"Mimi nilidhani ndio utaratibu wenu. Nimeshaupendekeza kwa vikundi vipya, kwamba anayeonekana ametumia atolewe mara moja."

Tamphasana alimsihi aufute. Mama aliahidi kujaribu, akaongeza kwamba baadhi ya vikundi vimeshaanza. Kila wiki Tamphasana humpigia tena, na kila wiki huwaza kuna Nganthoi wangapi, katika miji asiyoijua, wanaokatwa katikati ya neno.

Nganthoi alirudi nywele zilipoanza kuchipua. Siku hiyo alisimulia habari za moto wa baba yake tangu mwanzo, jinsi shuka ilivyombana kifuani, jinsi alivyotaka kumuaga akiwa binti na akaagana naye akiwa mtu asiyemjua. Alinyamaza katikati mara kwa mara, na hakuna aliyemharakisha. Tamphasana alisikiliza, maiki yake imezimwa. Swali la msamaha alilolibeba tangu Moirang lilimjia mpaka ulimini. Hakuliuliza.