Mlango wa Fatha Njoka

...na kwa nini haitiki, nimebisha na kubisha, Fatha, chai iko tayari, labda amelala tu, wazee hulala, lakini huyu halali, huyu kabla ya kengele ya misa ashaanza kukohoa nikimsikia mpaka jikoni, na leo sijasikia kikohozi, mkono wangu uko kwenye kitasa na kitasa ni baridi, nyumba nzima ni baridi hata mji wa Siakago ukiungua na jua, mapadri Wazungu waliijenga kwa mawe wakati wa mkoloni, kuta nene hivi, mtu akianguka... nisiseme kuanguka, Yesu wangu, nisiseme... “Mama Kinyua! Fatha ameamka?” ni Muriuki, mlinzi, yuko huko chini uani, “Bado!” namwambia, “Si ufungue tu!” anasema, ufungue tu, kwake ni rahisi, yeye si mimi, mimi nilijificha nyuma ya mlango huuhuu nikiwa msichana, asubuhi ile niliyotoroka nyumbani wasinitahiri, nilikimbia bila viatu, na baba akanifuata na panga, na ami zangu nyuma yake, na Fatha, alikuwa kijana bado, alitoka akinyoa ndevu, sabuni mashavuni, akasimama hapa, hapa nilipo, “Huyu mtoto haendi mahali,” na baba, “Ni wangu, Fatha,” na yeye, “Ni wako, mzee, lakini hakatwi,” nikiwa ndani nimejikunja sakafuni, siwezi hata kuita, na nilisikia yote, kila neno, hata baba akihema, maana mlango huu ni mbao tu, haufichi kitu... haufichi kitu... basi kama hajafa, mbona nimemuua tayari kichwani, kama yuko sakafuni, ulimi umekuwa mzito, mkono haumtii, ananisikia, amenisikia nikibisha, nikinyamaza, amesikia Muriuki akisema fungua na mimi sifungui, Mungu wangu, amelala pale akijua kuna mtu mlangoni na mtu huyo haingii, “Mama Kinyua!” Muriuki tena, mkono bado uko kwenye kitasa, naweka mdomo karibu na mbao, Fatha, nasema, Fatha, usiogope, ni mimi, Igoki.