Minyaa ya Mama Akida

Melania alikuwa akirudi jioni kutoka kwenye mashine ya mpunga, alikoshinda akipepeta na kuchambua mchele, na kabla ya kuvua viatu alilazimika kupita kiubavuubavu nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Minyaa ya jirani, ua uliogawa viwanja vyao, ilikuwa imelalia upande wake. Ilifunika njia ya chooni, ikafika mpaka kwenye bati la jiko. Na minyaa si maua. Aliyekulia Usukumani anajua kwamba tawi likivunjika hutoa utomvu mweupe, na utomvu ule ukiingia jichoni unaweza kukupofusha. Kila siku Melania alimkataza binti yake, Violeth, kucheza huko. Kila siku mtoto alikwenda.

Jirani mwenyewe alikuwa Mama Akida, mjane aliyeletwa Kahama na mumewe kutoka Tanga, enzi mumewe anauza vitambaa sokoni. Zamani wapangaji wake ndio waliopunguza ule ua. Walikuwa wafanyakazi wa Buzwagi, na mgodi ulipofungwa wakahama. Tangu hapo hakuna aliyeshika panga.

"Shikamoo, Mama Akida."

"Marahaba, mwanangu. Umeshindaje?"

"Salama. Mama, ile minyaa. Inatuumiza."

"Minyaa gani tena? Nimeipitia asubuhi, imesimama wima kabisa."

Mazungumzo yalikuwa hayohayo kila mara, na Melania aliondoka akiwa amekaza meno. Imesimama wima! Alimpigia simu mumewe, Enock, aliyekuwa machimboni Geita, naye akasema angeikata akirudi. Enock hakusema atarudi lini. Melania akaenda kwa mjumbe, Mzee Magesa, na Mzee Magesa akamwambia majirani hawafikishani kwenye vikao kwa sababu ya majani, wakaongee wenyewe. Melania hakuwa na la kuongea tena. Mwili ulikuwa umechoka, na sasa hata hasira ilikuwa imeanza kuchoka.

Jumapili moja alipotoka kanisani alimwacha Violeth kwa shangazi yake, akabadilisha nguo, akachukua panga. Alikata tawi la kwanza, la pili. La tatu lilikuwa juu ya kichwa chake. Lilipokatika, utomvu ukamrukia jicho la kulia.

"Mayu wane!" Alimlilia mama yake kwa Kisukuma, kama mtoto. Panga likaanguka.

"Usifikiche!" Ilikuwa sauti ya Mama Akida. "Mama Violeth, nasema usifikiche! Uko wapi? Endelea kupiga kelele nije!"

Mama Akida alizunguka kwa njia ya mbele, mkono mmoja ukiburuzika ukutani, mwingine umeshika ndoo. Alimkalisha Melania chini, akaanza kumwagia maji kwa kopo. Maji yalimwagika sikioni, begani, kifuani. Ndipo Mama Akida akaweka kopo chini, akaupapasa uso wa Melania kwa vidole, paji, pua, mpaka akalipata jicho. Akaliweka wazi kwa kidole gumba na kulimwagia tena, taratibu, bila kuacha, mpaka ndoo ikaisha.

Kwa jicho lake zima Melania alimtazama yule mama aliyekuwa ameinama mbele yake. Macho yake yalikuwa yakitazama kando kidogo, kwenye ukuta.

"Mama," akasema. "Wewe huoni."

Mama Akida alilipapasa kopo, akalitia ndani ya ndoo.

"Naona mwanga," akajibu. "Watu nawaona kama moshi. Usimwambie Akida. Akijua atanichukua kwake Mwanza na nyumba hii ataiuza. Baba yake nimemzika hapa."

"Na minyaa?"

"Naishika kwa mkono, mwanangu. Upande wangu imesimama wima, haigusi kitu. Nikasema huyu binti anatafuta ugomvi."

Melania alikaa palepale kwenye tope. Miezi yote ile alikuwa akimchukia mtu, na chuki ile ndiyo iliyokuwa ikimwinua asubuhi. Sasa ilikuwa imemtoka, na hakuna kitu kilichokuja badala yake.

Kesho yake jicho lilikuwa limevimba, akashindwa kwenda mashineni. Alikwenda kliniki ya macho, na njiani akampitia Mama Akida, akamshika mkono bila kumwomba ruhusa. Yeye alipewa dawa ya matone. Mama Akida aliambiwa ni mtoto wa jicho, anaweza kufanyiwa upasuaji, lakini aje na ndugu.

"Basi tumwambie Akida," Melania alisema.

"Nilikukataza."

"Najua, mama. Lakini mimi siwezi kuwa macho ya nyumba mbili. Sina nguvu hiyo."

Alipiga simu yeye mwenyewe. Kwa siku kadhaa Mama Akida hakumjibu salamu. Akida alikuja, akagombana na mama yake, akaizungumzia Mwanza kama ilivyotarajiwa. Mama akakataa, na hatimaye wakaenda hospitali. Jicho moja likapasuliwa, jingine likaachwa lisubiri zamu yake.

Bandeji ilipotolewa, Mama Akida alikuja nyuma kwa Melania. Alisimama mbele ya minyaa iliyoinama kama paa.

"Ya Rabi! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, mama."

Akida alitafuta vijana wawili, wakaipunguza hadi usawa wa kiuno. Jioni hiyo Melania alirudi akiwa na vumbi la pumba mpaka kwenye nyusi, akaketi kizingitini. Ng'ambo ya ua Mama Akida alikuwa akimtazama, jicho moja limefumbwa.

"Kumbe umekonda hivi," akasema. "Na hicho kichwa, mvi tayari? Unakula wewe?"

Melania alitaka kujibu kwamba ni mzima.

"Nimechoka tu, Mama Akida."

"Naona," mama akasema. "Usiinuke. Nimepika wali, nakuletea."